Besi imepotea, trebo inachoma: tafuta chanzo kabla hujaifungua hedifoni

Mtu akishanunua hedifoni ya bei ya juu, iwe Sennheiser HD 600, Beyerdynamic DT 990 au Fostex T50RP, hakawii kuanza kuichokonoa. Atataka mito ya ngozi badala ya kitambaa, waya wa kusuka badala ya ule wa kiwandani, sponji kidogo ndani ya bakuli. Hakuna ubaya. Hedifoni hizi hufunguka bila kuvunjwa, vipuri vyake vinauzwa, na sikio ni la mwenyewe. Ila hapa Lamu nyingi zinazoletwa mezani kwangu kwa jina la kuboreshwa huwa ni mbovu tu: hewa inavuja, chumvi imekula pini, unywele umenasa kwenye spika. Ukiweka sponji juu ya kasoro ya namna hiyo, tatizo moja linakuwa mawili.

Basi tuanze na unachosikia. Unachotaka kununua kitangoja.

Upande mmoja ni dhaifu

Ivae kinyume, bakuli la kushoto kwenye sikio la kulia. Udhaifu ukihama pamoja na bakuli, tafuta kwenye hedifoni au kwenye simu. Ukibaki kwenye sikio lile lile, ni sikio lako: nta, au maji uliyotoka nayo kuogelea Shela. Si mzaha, wapo wanaoagiza spika mpya kumbe walihitaji kwenda zahanati.

Halafu chomeka kwenye kifaa kingine. Kama kasoro haikufuata, hedifoni ni nzima. Kwenye amplifaya (kifaa cha kuongeza nguvu ya sauti) ya kitufe cha kuzungusha, pande mbili kutolingana sauti ikiwa chini kabisa ni jambo la kawaida, na ukipandisha kidogo zinasawazika. Hiyo ni tabia ya kitufe, usiiguse hedifoni.

HD 600 na HD 650 zina raha yake: waya huchomoka kwenye kila bakuli. Badilisha, wa kushoto uende kulia. Udhaifu ukihamia bakuli la pili, kosa liko kwenye waya au kifaa. Ukibaki pale pale, ni spika.

Mwenye mita apime pia. Chomoa hedifoni kwenye kila kitu, weka kipimo cha omu, yaani cha ukinzani wa umeme, gusa ncha ya pini na shina lake, kisha pete (mkanda wa katikati) na shina. Namba mbili zinatakiwa zikaribiane, na zisiwe mbali na ile iliyoandikwa na kiwanda: HD 600 ni omu 300, Audio-Technica ATH-M50x ni 38, T50RP ya toleo la Mk3 ni 50. Mita inapogusa, spika nzima hutoa mlio mdogo, "ta". Ukiusikia upande mmoja tu, umeshajua pa kwenda.

Besi imepungua

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ndilo linalowatoa watu pesa bure. Kabla ya kitu chochote, weka wimbo wenye besi inayoendelea, kisha bonyeza mabakuli yote mawili kwa viganja, taratibu. Besi ikijaa papo hapo, hedifoni haina ubaya. Hewa inavuja.

Besi ya hedifoni inategemea hewa iliyofungiwa kati ya kiwambo cha spika, ule utando mwembamba unaotetemeka, na sikio. Upenyo mdogo ukitokea, sauti za chini ndizo za kwanza kutoka, na zile za juu hubaki. Ndiyo maana mtu husema "imekuwa kali", hali ukali haujaongezeka. Kilichopungua ni cha chini yake. Zilizofungwa nyuma, kama DT 770 na M50x, huumia zaidi kuliko zilizo wazi.

Hewa inavujia wapi? Angalia mikono ya miwani kwanza. Miwani yenye mikono minene ya plastiki huinua mto pale pale nyuma ya sikio. Mito laini inayobonyea huizunguka, mito migumu haiwezi.

Kisha mtandio. Tabaka moja la kitambaa chepesi lililonyooka halina madhara makubwa, lakini mkunjo au pindo likipita chini ya mto ni kama mlango ulioachwa wazi. Njia ni kuvaa hedifoni kwanza, mtandio juu yake. Kwa hedifoni iliyo wazi nyuma, kitambaa chepesi juu ya wavu hakileti tofauti ya maana. Kuna dada alikuwa tayari kuuza DT 770 yake kwa sababu "haina besi". Alipoivaa ndani ya mtandio alinyamaza kidogo, akauliza kama nimebadilisha kitu kwenye simu yake.

Kofia nayo huleta shida ya namna nyingine: ukanda wa kichwani unakaa juu zaidi, mabakuli yanapanda, na ukingo wa chini wa mto unaachia taya. Vuta mabakuli chini hatua moja au mbili.

Mito yenyewe ndiyo mtuhumiwa wa nne. Ngozi ya bandia haipendi pwani. Jasho, joto na unyevu huivunja, ikaanza kubanduka vipande vyeusi vinavyonasa shingoni, na mto ukishapasuka haufungi tena. Ya kitambaa cha mahameli hudumu na haichomi kwa joto, ila hupitisha hewa kidogo, kwa hiyo besi yake huwa nyepesi kuliko ya ngozi. Ukibadilisha mahameli ya DT 770 kwa ngozi, mara nyingi utapata besi nzito zaidi na masikio yenye joto. Mwezi wa pili, kaskazi ikipungua nguvu na jua likiwa kali, utajua ni kipi kinakusumbua zaidi.

Mito ya watengenezaji wengine huleta mambo ambayo tangazo halisemi. Mto mnene zaidi huliweka sikio mbali na spika. Tundu la katikati likiwa jembamba, au ukuta wa ndani ukiwa na vitundu, sauti ya kati inabadilika. Kwa hiyo kama besi imepungua au sauti imekuwa ya ajabu baada ya kununua mito, rudisha ile ya zamani usikilize kabla hujagusa kingine. Ile ya zamani usiitupe hata kama imechakaa.

Mwisho kuna matundu ya bakuli. DT 770 na T50RP zina njia za hewa zilizowekwa makusudi na kiwanda. Mtu akiyaona huyadhania kasoro, akayaziba kwa tepu. Kuyaziba hubadilisha besi, wakati mwingine kwa uzuri, mara nyingi kwa ubaya, na tepu ikiwa imeziba upande mmoja zaidi ya mwingine utakuwa na hedifoni mbili kichwani. Bandua, sikiliza, ndipo uamue.

Trebo inachoma

Trebo ni zile sauti za juu. Hapa sasa tunaingia kwenye tabia ya hedifoni yenyewe, na hapa ndipo kuboresha kunaanza kuwa na maana.

DT 990 ina mwinuko unaojulikana, yaani mahali sauti inapozidi nyingine, karibu na kilohezi 8 (kilohezi ni kipimo cha masafa, namba ikiwa kubwa sauti ni ya juu zaidi). HD 800, iliyotoka 2009, ina wake karibu na kilohezi 6, na Sennheiser wenyewe walipotoa HD 800 S waliweka kifyonzi ndani ya bakuli kuutuliza. Herufi "s" na "sh" za mwimbaji hukaa takriban kilohezi 5 hadi 8, kwa hiyo miinuko hiyo huzipiga moja kwa moja. Ukisikiliza qasida iliyorekodiwa kwa maikrofoni ya karibu, kila "s" itakuwa sindano.

Lakini hakikisha kwanza kwamba ukali ni wa kuzaliwa nao. Je, ulipobadilisha mito ulirudisha ile sponji nyembamba inayokaa mbele ya spika? Kwenye familia ya HD 600 ni duara jepesi jeusi, na likizeeka hugeuka unga ukiligusa. Wengi hulitupa wakidhani ni uchafu. Mito iliyobonyea nayo hulileta sikio karibu na spika na kuharibu uwiano wote, na dawa yake ni mito mipya.

Kama vyote viko sawa na bado inachoma, usianze na gundi. Anza na ikwalaiza, programu ya kupandisha au kushusha sehemu fulani ya sauti, maana inafutika. Kwenye Windows kuna Equalizer APO, ya bure. Kwenye Android kuna Wavelet. Ukitumia ikwalaiza inayokuruhusu kuchagua masafa, punguza desibeli 4 hivi kwenye kilohezi 6, eneo jembamba, kisha lisogeze polepole kuelekea 9 huku ukisikiliza sauti ile ile ya mtu anayezungumza. Mahali ambapo "s" inatulia bila mzungumzaji kusikika kama ameziba pua, hapo ndipo penye tatizo lako. Masikio hayafanani, mahali pako panaweza pasiwe pangu.

Ukishapajua unaweza kubaki na ikwalaiza, na kusema kweli mimi ningebaki nayo. Asiyetaka, kwa sababu husikiliza kwenye vifaa tofauti, ana njia ya mkono. Chukua karatasi laini ya tishu, itenganishe ubaki na tabaka moja, kata duara, iweke kati ya mto na spika bila kuibana na kiwambo. Tabaka moja husikika. Mbili ni nyingi kwa watu wengi.

Na hapa kuna mbinu ambayo ningependa kila mchokonozi aijue. Fanya upande mmoja tu. Kisha kwenye mipangilio ya simu washa sauti ya mono, ili pande zote zipate kitu kimoja, na usikilize kulia dhidi ya kushoto hapo hapo. Kumbukumbu ya sauti hufa haraka. Ukifungua, ukabandika, ukafunga, dakika kumi zimepita na utaamini chochote unachotaka kuamini. Upande wa kulia na kushoto kwa wakati mmoja haukudanganyi, mradi pande hizo zilikuwa sawa kabla hujaanza.

Mwimbaji amepotea

Kijana wa Langoni aliingia na salamu, akaweka mezani hedifoni yenye waya mpya wa kusuka, mzuri kweli kwa macho.

"Ami, mwimbaji kapotea."

"Kapotea vipi?"

"Fidla naisikia, mwangwi nausikia. Yeye mwenyewe hayumo. Waya huu nimeambiwa unapanua sauti."

Inapanua, ndiyo. Sauti ikiwa pana hivyo, mwimbaji wa katikati akiwa amebaki kivuli, usitafute sababu kwenye spika. Njia ya pamoja ya kurudi umeme, ile ya shina la pini, imekatika. Ikikatika, umeme hupita spika moja kisha ya pili, na kinachobaki kusikika ni tofauti kati ya kushoto na kulia. Mwimbaji amerekodiwa sawa pande zote mbili, kwa hiyo anajifuta. Vinavyobaki ni vile vilivyorekodiwa pembeni.

Kipimo chake hakihitaji kifaa. Cheza wimbo, shika waya karibu kabisa na pini, ukunje taratibu kila upande. Wa kijana yule ulipokunjwa kuelekea kwenye shina, mwimbaji alirudi mzima, ukiachia anaondoka. Tulipofungua kifuniko, uzi wa shina ulikuwa umeshikwa na tone la risasi (ile inayoyeyushwa kuunganishia nyaya) lililopoa vibaya, la kijivu, lenye ufa mwembamba kuuzunguka. Risasi iliyoshika vizuri hung'aa na kulalia chuma.

Nyuzi za ndani ya waya za hedifoni mara nyingi zimepakwa varnishi, nyekundu, kijani, rangi ya shaba, na risasi haishiki juu ya varnishi. Weka tone la risasi kwenye ncha ya chuma cha kuchomea kilicho kwenye nyuzijoto 350 hivi, tumbukiza ncha ya uzi mpaka varnishi iungue na uzi uvae risasi, ndipo uuunganishe. Usiamini rangi kukuambia upi ni wa kulia. Pima kwa mita. Na chomeka pini kwenye tundu bovu la zamani unapoichoma, isije plastiki ikalainika na pete ikasogea.

Ikiwa mwimbaji yupo lakini hajulikani alipo, kama vile yuko kila mahali, na besi imekonda, hapo ni jambo lingine: spika moja imeunganishwa kinyume. Hutokea baada ya mtu kubadilisha waya mwenyewe. Weka sauti ya mono. Mtu anatakiwa asikike katikati ya kichwa, mahali pamoja. Akitawanyika, geuza nyuzi mbili za spika moja. Moja tu.

Inatetemeka kwenye besi

Unywele. Kwa kweli tisa kati ya kumi ningesema ni unywele, kama ningekuwa mtu wa kutoa hesabu. Umepita kwenye wavu, ncha imegusa kiwambo, na kila besi ikipiga unapata "zzz". Toa mto, toa sponji, tazama kwa tochi ya simu kwa pembeni, ushike kwa kibano. Usipulize kwa pampu ya hewa. Kiwambo ni chepesi kuliko unavyodhani.

Mchanga nao huingia, hasa kwa wanaozilaza kwenye taulo ufukweni. Geuza bakuli litazame chini, gonga nyuma yake kwa kidole. Kwa T50RP na nyingine za sumaku bapa, weka mbali bisibisi ya chuma na meza yenye unga wa msumeno wa chuma. Sumaku zake huvuta, na bisibisi ikiruka kwenye spika hakuna ukarabati.

Ikwalaiza imeharibika ghafla

Kama inakwaruza pale tu besi inapopiga, umepandisha bila kushusha. Ukiongeza desibeli 6 mahali popote, punguza sauti ya jumla ya ikwalaiza kwa desibeli 6. La sivyo sauti hukatwa vichwa kabla haijafika kwenye waya.

Kama hakuna mkwaruzo ila kila kitu kimekaa vibaya, kumbuka ulichobadilisha. Mipangilio iliyotayarishwa, kama ile ya mradi wa AutoEq ulioanzishwa na Jaakko Pasanen, hutengenezwa kwa vipimo vya hedifoni ikiwa na mito fulani. Ukiweka mito mingine, ile mipangilio inasahihisha makosa ambayo hayapo tena. Ifute uanze upya.

Sauti ni ndogo, au haina nguvu

Hedifoni ya omu 250 au 300 inataka volti zaidi ya zile simu nyingi zinazotoa. Haina ubovu, inataka amplifaya. Kwa zile za ukinzani mdogo angalia kitu kingine, ukinzani wa kutokea wa kifaa chenyewe. Kanuni inayotumika sana ni kwamba usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni: yenye omu 32 inataka kifaa cha omu 4 kushuka chini. Ukizidi, uwiano wa besi na trebo unaweza kubadilika bila wewe kugusa kitu, na ndipo mtu hudhani mito imechoka.

Waya wa bei ghali hautaziba pengo hilo. Nunua waya mpya kwa sababu wa zamani umekatika au ni mfupi.

Ukishapata amplifaya, angalia usiizoee sana. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Hedifoni nzuri haipasuki sauti, kwa hiyo haikuonyi.

Mngurumo usioisha

Kama unatumia kompyuta, chomoa chaja yake, itumie betri. Mngurumo ukikoma, chanzo ni chaja au njia ya ati (waya unaoshuka ardhini) ya umeme wa nyumba. Wenye sola wajaribu pia kuzima inveta. Zile za bei rahisi ambazo mawimbi yake si laini hupenya hadi kwenye amplifaya. Tumia chaja nyingine, au amplifaya ya betri. Usikate wala kuziba pini ya ati kwenye plagi ya pini tatu ili kuondoa mngurumo. Umeme wetu ni volti 240, na wewe umevaa chuma kichwani.

T50RP imekufa baada ya kutiwa pamba

Hii inapendwa na wachokonozi kwa sababu inabadilika sana ukiigusa: pamba au kitambaa kizito cha sufu nyuma ya spika, udongo laini wa kufinyangia kwenye bati la mbele kuongeza uzito, tepu kwenye njia za hewa. Kila moja ina kazi yake. Ila mtu huzifanya zote jioni moja, akaamka na sauti kavu isiyo na besi, asijue ni ipi iliyomponza.

Ondoa yote. Rudisha pamba kidogo tu, iliyochambuliwa, isiyoshindiliwa. Pamba kazi yake ni kutuliza mwangwi wa plastiki ya bakuli. Ukiishindilia inazuia hewa ya nyuma ya kiwambo. Pima kwa mizani ya jikoni au kwa sonara, ili pande zote mbili zipate sawasawa. Sikiliza siku kadhaa ndipo uongeze tepu. Udongo uje mwisho, na usiusogeze karibu na matundu, maana joto la hapa huulainisha.

Inakatikakatika, na haikuguswa na mtu

Chumvi. Pini iliyopoteza mng'ao, au yenye kijani kwenye mshono, isuguliwe kwa kitambaa chenye aikoholi ya asilimia 99 ile mafundi wa simu wanayosafishia bodi. Spiriti ya vidonda nyingine huacha mafuta. Chomeka na kuchomoa mara kadhaa ili tundu nalo lisuguke. Wakati wa masika na kusi hifadhi hedifoni kwenye kopo la plastiki linalofunga, na vipakiti vya silika jeli ndani, badala ya kuitundika msumarini barazani. Mchele hausaidii, unaacha vumbi tu.

Mita haisomi kitu kabisa

Ikiwa umepima kwenye pini ukakosa, fungua upime kwenye vituo vya spika yenyewe. Ikisoma hapo, waya ndio mbovu. Isiposoma, koili imekatika na hakuna cha kuchomelea. Kwenye familia ya HD 600 waya huchomekwa moja kwa moja kwenye spika, kwa hiyo kubadilisha ni kazi ya mikono mitupu. Kwenye DT 990 na T50RP utahitaji risasi. Agiza jozi, si moja: spika mpya na ya zamani hazitalingana, na utarudi tena kwenye lile lalamiko la upande mmoja kuwa dhaifu, safari hii kifurushi kikiwa kimeshavuka kwa boti kutoka Mokowe na pesa zimeshatoka.